Nilichokiruka kwenye Ukurasa wa Tatu

Kila Jumapili baada ya misa ya pili nasoma gazeti kwa sauti kwenye baraza ya mama mmoja mshonaji, kwenye avenyu yetu hapa Likasi. Gazeti lenyewe ni karatasi mbili zilizopigwa fotokopi pande zote na kubanwa kwa pini kwenye kona. Ukilishika ovyo linakuchoma kidole. Mhariri wake ni mzee mwembamba aliyefanya kazi ya uchapaji miaka mingi, na sasa ana kibanda cha fotokopi karibu na soko. Anaandika kila kitu kwa Kifaransa. Anashikilia kwamba neno la Kiswahili halimtishi mtu yeyote kule komini, ofisi ya manispaa, na nimebishana naye juu ya hilo hadi nimechoka. Kwa hiyo kazi yangu ni kushika Kifaransa mkononi na kukitoa Kiswahili mdomoni, papo hapo, mbele ya watu thelathini hivi wanaotafuna mikate na kubembeleza watoto.

Si kwamba watu hawa hawajui kusoma. Wengine wanasoma kunishinda. Lakini nakala ni chache, Kifaransa cha mhariri kina miiba, na zaidi ya hayo watu wanapenda kusikia pamoja. Habari ukiisoma peke yako chumbani, huwezi kumgeukia jirani na kumwambia, "Unasikia ile?"

Mazoea haya niliyaleta mimi, na niliyaokota mbali. Nilisomea ualimu Mulungwishi, kwenye shule za misheni ya Waprotestanti, ingawa nyumbani kwetu sote ni Wakatoliki na bibi yangu aliomboleza wiki nzima kana kwamba naenda kuolewa na jini. Kulikuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuna aliyevitaka. Wakati wa kuandika kazi ya mwisho wa masomo ulipofika, wenzangu wote waliandika juu ya shaba. Mimi shaba ilinichosha. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuichimba, baba yangu akawa karani wa stoo kiwandani, na vumbi lake tumelifagia kwenye vizingiti vyetu maisha yote. Nikachukua kitabu kinene kutoka kwenye lile sanduku, nikaazima kamusi, nikaandika juu ya magazeti ya mji mmoja wa Uskoti katika karne ya kumi na tisa.

Nilifurahia kuwajua wale watu. Mji wao ulijaa moshi kama wetu ulivyokuwa zamani. Baraza la mji lilijichagua lenyewe: waliokuwa ndani ndio walioamua nani aingie, na mtu akishaingia alikaa mpaka achoke. Magazeti yalipigia kelele jambo hilo miaka na miaka. Serikali ilitoza kodi juu ya kila gazeti ili watu wa chini wasilimudu, basi wafumaji wakawa wanachangia nakala moja; mmoja anasoma kwa sauti, wengine mikono yao iko kazini. Mageuzi yalipokuja, waliopata kura kwanza walikuwa wenye nyumba nzuri, na wafumaji wengi waliosikiliza magazeti yale wakabaki nje. Hata hao waliopata kura walipiga mbele ya macho ya kila mtu: unasimama, unataja unayemtaka, na bwana wako anakusikia.

Siku ya kutetea kazi yangu, mmoja wa walimu aliniuliza Uskoti inaihusu nini Likasi. Nikasema, "Moshi." Wakacheka, wakanipa alama za kunitosha. Jambo moja hawakuniuliza, wala mimi sikujiuliza: yule mfumaji aliyewasomea wenzake, je, alisoma yote?

Sasa nimseme baba yangu. Alikuwa shefu wa avenyu yetu tangu nikiwa msichana mdogo. Shefu wa avenyu ndiye mtu wa chini kabisa katika serikali, na kwa hiyo ndiye pekee ambaye watu wanamjua sura. Ndiye anayeitwa majirani wakigombana, ndiye anayeshuhudia kwamba fulani anakaa hapa kweli, ndiye anayeandikia ofisi kwamba taa imekufa au bomba limepasuka. Hakuchaguliwa na mtu. Shefu wa kartie, mkubwa wake wa mtaa mzima, alimteua, naye akakaa. Niliandika kurasa sitini nikiwalaani wazee wa Uskoti waliong'ang'ania viti vyao, halafu nikarudi nyumbani kumpigia baba pasi suruali ya kwendea kwenye mkutano wa mashefu. Sikuona tatizo lolote.

Alikuwa shefu mzuri. Nasema hivi si kwa sababu ni baba yangu, ingawa ni kwa sababu hiyo pia. Alitembea avenyu nzima kila Jumamosi asubuhi, juu mpaka chini, na kofia yake mkononi, akisalimia kila mlango. Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji na halikupona. La pili alikataa liguswe. Aliacha kutembea avenyu, maana hakutaka watu wamwone akipapasa njia. Misani alikwenda akiwa ameshika mkono wangu, na kwenye baraza ya mshonaji, ambayo iko hatua chache tu kutoka kwetu, alikwenda vivyo hivyo.

Lakini ripoti yake ya kila mwezi kwenda komini haikusimama. Alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa, akaipita avenyu kichwani, nyumba kwa nyumba, na mimi nikaandika. Kifaransa chake kilinyooka. Makarani wa zamani walifundishwa vizuri. Shida ni kwamba avenyu aliyoipita ilikuwa ya miaka iliyopita. Mbele ya nyumba ya mshonaji, alisema, kuna mfereji mdogo wa maji ya mvua ambao vijana wataufukia. Mfereji huo ulikuwa umekuwa korongo. Mvua za mwaka uliotangulia ziliuchimba hadi ukameza ua wa mbele wa mshonaji, na watoto wakienda shule walipita ukingoni wameshikana mikono. Niliyajua hayo. Nilipita pale kila siku, na Jumapili nilimfikisha baba barazani kwa uchochoro wa nyuma. Nilishika kalamu nikaandika: mfereji mdogo.

Nani angemwambia? Ripoti ilikuwa kitu pekee kilichobaki mikononi mwake. Kila mwezi nilipomaliza kuandika, aliweka sahihi yake kubwa ya kikarani palepale nilipomwekea kidole, halafu kwa nusu saa alikuwa mtu mwenye kazi.

Jumamosi moja mhariri aliniletea nakala yangu kama kawaida. Nikaipitia. Ukurasa wa tatu wote ulikuwa juu ya baba. Hakumtukana hata mara moja, ningependa angemtukana. Aliandika kwamba shefu wetu ni mtu mwaminifu aliyetumikia avenyu kwa miaka mingi, na kwamba sasa haoni, hatembei, na anaripoti vitu ambavyo havipo tena. Kwamba korongo limekula ua na komini inadhani ni mfereji kwa sababu ndivyo ilivyoandikiwa. Kwamba wakati umefika wakazi wenyewe wamchague shefu wao, badala ya kuwekewa. Nilitoka na kandambili miguuni nikaenda moja kwa moja sokoni.

"Papa, juu ya nini uliandika hivi?" nilimwuliza, hata salamu sikumpa.

Aliendelea kupanga karatasi kwenye mashine. "Mama mwalimu, kuko bongo mule?"

Hapakuwa na uongo. Nilitafuta hata mmoja, sikuupata. "Baba yangu iko na macho mabaya. Weye unajua."

"Bantu bote banajua. Njo vile niliandika."

"Na minye njo nitasoma ile mbele yake?"

"Minye ninaandikaka. Weye njo unasomaka." Alibonyeza mashine, ikaanza kuunguruma. "Kama unataka kuruka, ruka. Minye sitakuya pale kukuchungulia."

Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilimchukia hasa kwa sababu aliniachia uamuzi mimi.

Kesho yake baba alikaa kwenye kiti chake cha mbele, mikono juu ya magoti, kofia juu ya mikono. Nilisoma ukurasa wa kwanza, matanga na misa za wafu. Nilisoma wa pili, taxi-bus zilizobadilisha kituo. Nikafungua wa tatu. Nikageuza karatasi nikasoma wa nne, juu ya mitihani ya shule. Nilikuwa nimeusoma nusu nilipogundua ukimya. Hakuna aliyetafuna. Nakala nyingine zilikuwa zimeshapita kwenye nyumba za watu tangu jana, na kila aliyekuwa pale, isipokuwa mmoja, alijua kilichoandikwa. Walinitazama, wakamtazama baba, wakainamisha vichwa. Heshima yao ilinichoma kuliko ambavyo kelele zingenichoma.

Njiani baba alisema, "Leo gazeti ilikuwa mufupi."

"Banaandika kidogo leo, papa."

Aliitikia kwa kichwa. Aliridhika, na mimi nilijichukia kwa kuona nafuu.

Watu hawakumwambia. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kwetu mtu hamwendei mzee na neno zito ambalo bintiye mwenyewe amelifunika. Wangeonekana wanaingia chumbani kwa watu. Kwa hiyo uongo wangu mmoja uliwafunga midomo watu wa avenyu nzima.

Gazeti lakini lilifika kulikokusudiwa. Wiki chache baadaye shefu wa kartie alileta barua. Baba alinipa nimsomee. Ilisema kutakuwa na mkutano wa avenyu, Jumapili, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Chini yake kulikuwa na mistari miwili: baada ya malalamiko yaliyotolewa hadharani, wakazi watamchagua shefu wao, wagombea wawili, shefu wa sasa na mama mshonaji. Nilisoma siku na saa. Nikaikunja barua.

"Mukutano ya mwaka," baba alisema, akifurahi. "Basi tutayarishe ripoti."

Nilijiambia nitamwambia Alhamisi. Alhamisi nikajiambia Ijumaa. Jumamosi nilimpigia pasi suti yake ya kijivu, ile ya harusi yangu, nikaona mikunjo inanyooka na maneno hayatoki. Sijawahi kuwa mwoga darasani, na nimefundisha watoto wa kila aina. Mbele ya mzee mmoja aliyekaa akisubiri suruali yake nilikuwa mwoga kabisa.

Uwanja ulijaa. Hata mume wa mshonaji, anayefanya kazi Kakanda na kuonekana kwa nadra, alikuja na baiskeli yake. Shefu wa kartie alisimama, akasalimia, akasoma ile barua yote. Nilikuwa nimesimama kando ya baba. Nilihisi mkono wake ukiukaza mkono wangu shefu huyo alipofika kwenye ile mistari miwili. Baba alipopewa nafasi, aliuachia mkono wangu, akapiga hatua mbili mbele, akatoa ripoti yake kwa kichwa, kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba kama alivyozoea.

"Na kwa mama mushonaji," alisema, "kuko kamufereji kadogo. Bavijana batakafukia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa upesi. Mshonaji alisogea mbele. Ni mama mpole, na aliongea kama mtu anayeomba radhi kanisani.

"Papa shefu, samahani. Ile haiko tena kamufereji. Ilikula lupango yangu yote ya mbele. Ilikula na mulango ya musalani."

Baba aligeuza uso kunitafuta. "Mamu," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ni kweli?"

"Ni kweli, papa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mvula ya mwaka ulipita."

"Na gazeti ilisema?"

"Ilisema."

"Ukurasa gani?"

Swali la karani. Hata pale alitaka kujua ukurasa. "Ukurasa ya tatu," nikasema.

"Soma."

Gazeti lilikuwa ndani ya mkoba wangu, limekunjwa mara nne. Nililibeba wiki zote zile bila kujua kwa nini. Nadhani nilijidanganya kwamba kulibeba ni nusu ya kulisoma. Nilisoma. Nilikigeuza kila kitu Kiswahili, kuanzia "mtu mwaminifu" mpaka "haoni, hatembei", na sikupunguza neno. Sauti yangu ilikatika mara mbili na mara zote mbili alisubiri. Mhariri alisimama karibu na ukuta wa darasa akitazama viatu vyake. Nilipomaliza, baba alisema, "Anaandika muzuri." Alimaanisha hivyo kweli. Siku zote alipenda barua iliyoandikwa vizuri.

Shefu wa kartie alimwuliza taratibu kama angependa kupumzika, wabaki na mgombea mmoja.

"Hapana. Minye nitasimama. Bantu bachague."

Hapakuwa na makaratasi ya kura. Wagombea walisimama umbali wa hatua ishirini kati yao, na watu wakaambiwa wajipange nyuma ya wanayemtaka. Nilimwongoza baba mpaka mahali pake, nikamnyoosha koti mabegani. Halafu nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, watu wakinipita kulia na kushoto.

Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku yoyote. Kama kura ingekuwa ya kumchagua mtu bora, ningekaa nyuma yake mpaka jua lizame. Lakini niliwaona watoto wangu wa darasa la nne wamekaa kwenye ukuta wa shule, wakisubiri wazazi wao, na nilijua njia watakayopita kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeliandika lile korongo kuwa mfereji kwa mkono wangu, mwezi baada ya mwezi. Nikaenda nyuma ya mshonaji. Watu walinifungulia nafasi bila kunitazama usoni.

Mstari wa baba haukuwa mfupi. Wazee wote walisimama pale, na akina mama wengi aliowahi kuwapatanisha. Alisikia miguu nyuma yake, akatabasamu kidogo. Akageuza kichwa nusu, kuelekea bega la kushoto, upande ninaosimama siku zote.

"Mamu, uko?"

Hakuna aliyejibu kwa niaba yangu. Ningeweza kunyamaza, ndicho nilichokuwa nimekizoea.

"Niko huku, papa," nilisema. Sauti yangu ilivuka uwanja mzima.

Kichwa chake kiliacha lile bega taratibu, kikageukia ilikotoka sauti, kikasimama hapo. Alikaa hivyo wakati wote shefu wa kartie alipokuwa akipita kati ya mistari na kuhesabu. Mshonaji alishinda.

Tulirudi nyumbani, mkono wake mkononi mwangu kama kawaida, maana hata mtu akikasirika njia bado ina mawe. Hakunitukana siku ile wala baadaye. Alifanya jambo jingine. Jumamosi iliyofuata alimwomba jirani yetu, mjane aliyewahi kuwa muuguzi, aje amsomee gazeti. Mimi nilikuwa jikoni nasonga bukari. Alimsikiliza mjane kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kurasa zote nne, akamrudisha mara kadhaa. Kesho yake alikalia kiti chake cha mbele kwenye baraza, akanisikiliza nikisoma yaleyale. Amefanya hivyo kila wiki tangu wakati huo. Sijathubutu kumwuliza kwa nini, wala hakuna haja.

Jumapili iliyopita mhariri alimgeukia shefu mpya. Aliandika kwamba mawe ya kujaza korongo, aliyoahidi kabla ya mvua, hayajafika hata nusu. Nasoma kwenye baraza yake, nakaa kwenye benchi lake, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, sinia la mikate mkononi. Nikaliangalia lile sinia. Nikasema kwamba mawe yamekaribia nusu.

Baba alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye kofia yake, akakiacha juu. Sikumaliza sentensi. Nilirudi mwanzo wa mstari nikausoma jinsi ulivyoandikwa, na kidole kikashuka.